Kutoka Kimea hadi Chembenano: Historia ya Neno Enzaimu na Wajibu wa Mfasiri wa Tiba ya Saratani

UTANGULIZI

Istilahi nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha komaa. Mfasiri huzikuta kitabuni pamoja na maana zake, akatafuta neno la Kiswahili linalokaribiana nazo, akaendelea na kazi. Aghalabu njia hiyo haina madhara. Lakini ziko istilahi ambazo haziwezi kueleweka bila ya historia yake, kwani ziliundwa ili kukata shauri fulani baina ya wataalamu, na asiyelijua shauri hilo hawezi kuzitafsiri ila kwa kubahatisha. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya istilahi moja ya namna hiyo, yaani enzaimu, pamoja na mtoto wake wa karibuni aitwaye nanozaimu. Kisha tutapima majina ambayo Kiswahili kinaweza kumpa mtoto huyo.

Nanozaimu ni chembe ndogo mno, aghalabu za madini, zilizotengenezwa na binadamu, ambazo huharakisha mabadiliko ya kikemia kwa namna inayofanana na ile ya vimeng'enya vya mwilini. Wataalamu wa nchi mbalimbali wanajaribu kuzisanifu ziwe tiba ya saratani, kwa matumaini kwamba zitaushambulia uvimbe na kuiacha salama sehemu ya mwili iliyobaki.

Jambo hili si la mbali kama linavyoweza kudhaniwa. Katika Kata ya Kikwe, Wilaya ya Arumeru, chini ya Mlima Meru, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na kuzinduliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2012. Hapo husomeshwa shahada za uzamili na uzamivu. Mhadhiri wa taasisi hiyo, Dkt. Askwar Hilonga, alibuni chujio la maji linalochanganya mchanga na chembe za kinano, na mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia tuzo ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Katika nchi ya Meru, ambako maji ya chemchemi na visima vingi yana floraidi ya kupindukia na kuyaharibu meno ya watoto, faida ya elimu ya namna hiyo haihitaji kuhubiriwa.

Basi nano imekwisha fika Kikwe kwa njia ya maji ya kunywa. Tasnifu za wanachuo huandikwa kwa Kiingereza, na majirani wa chuo huzungumza Kiswahili na Kimeru. Kwa maji, tofauti hiyo ya lugha haidhuru sana: mwenye ndoo huona maji yaliyochujika, akaridhika. Kwa dawa ya saratani haitakuwa hivyo. Siku chembe hizi zitakapofikishwa kwa wagonjwa wetu, iwe Arusha, Moshi au Dar es Salaam, mgonjwa atapewa karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, ataombwa aridhie kwa sahihi au kwa dole gumba, na maneno yaliyomo katika karatasi hiyo yatakuwa yamechaguliwa na mfasiri. Hapana budi maneno hayo yapimwe mapema.

UGOMVI ULIOZAA NENO

Tuanze na jambo ambalo Wachaga wa Kilimanjaro na jirani zao wa Meru wanalifahamu tangu zama za mababu. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, hukaushwa, kisha husagwa. Unga huo wa kimea ndio unaotiwa katika ndizi mbivu zilizochemshwa ili kupata mbege. Ulezi ambao haukuchipua hauwezi kuifanya kazi hiyo sawasawa. Katika mbegu inayochipua huzuka kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo inayochachuka ikawa pombe.

Kitu hicho ndicho Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walichokitenga mwaka 1833 kutoka katika kimea cha shayiri. Walikiita diastasi, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kutenganisha. Silabi za mwisho za jina hilo zilikuja kuwa alama ya majina ya vimeng'enya vingi sana: amilasi, katalasi, ureasi, peroksidasi. Kwa hiyo kila mwalimu anayeandika mojawapo ya majina hayo ubaoni anaandika, pengine bila kujua, kumbukumbu ya kimea.

Katika miaka iliyofuata ulizuka ugomvi mkubwa baina ya wanasayansi wa Ulaya. Justus von Liebig, Mjerumani, alishikilia kwamba kuchachuka ni badiliko la kikemia tu. Louis Pasteur, Mfaransa, alishikilia kwamba hakuna kuchachuka kwa pombe pasipo uhai wa hamira. Ugomvi huo ulichochewa na udhaifu wa lugha, kwa maana neno moja lilitumika kwa vitu viwili: kwa hamira ambayo ni kiumbe hai, na kwa maji ya tumboni au ya kimea ambayo hayana uhai wowote. Mtu aliposema chachu imefanya kazi, msikilizaji hakujua ni chachu ipi.

Hapo ndipo Wilhelm Kühne, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, alipotoa neno Enzym mwaka 1877. Aliliunda kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu", akakusudia litumike kwa vile vitu vinavyofanya kazi ya kuchachua bila ya kuwa viumbe hai. Tunawaomba wasomaji walizingatie jambo hili, kwani ndilo msingi wa makala haya: neno enzaimu liliundwa ili kutenganisha vitu viwili vilivyokuwa vikichanganywa kwa sababu ya kuitwa jina moja.

Historia haikuishia hapo. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira, akaikamua, akaona kwamba maji yake yasiyo na seli hai hata moja yanachachua sukari vilevile. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Mwaka 1926 Mmarekani James Sumner alitoa ureasi katika mbegu za jamii ya maharage, akaigandisha ikawa fuwele, akaonyesha kwamba ni protini. Wakubwa wa elimu hiyo walimpinga kwa miaka, lakini mwaka 1946 naye alishiriki Tuzo ya Nobel. Tangu hapo wanafunzi wa dunia nzima walifundishwa kwamba enzaimu ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia pasipo yenyewe kuisha.

Kiswahili kilipolipokea jambo hili kiliunda neno kimeng'enya kutokana na kitenzi meng'enya, ambacho hueleza kazi ya tumbo juu ya chakula. Ni neno zuri. Limetoka ndani ya lugha yenyewe, kama ulivyo utaratibu wetu wa kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu uliotupatia ikulu kutoka Kinyamwezi na ngeli kutoka Kihaya. Upungufu wake ni kwamba linalichukua tumbo mahali pasipo na tumbo: polimerasi, kwa mfano, hujenga uzi wa DNA na wala haimeng'enyi chochote. Lakini matumizi ya shule yamekwisha ufifisha upungufu huo. Mwanafunzi wa sekondari akisikia kimeng'enya hawazi tena chakula peke yake.

SILABI ZILIZOKATWA

Wakati sisi tulipokuwa tukilizoeza neno letu, wenye neno lao walikuwa wakilikata vipande. Mwaka 1922 Alexander Fleming aliita kitu alichokigundua katika machozi na kamasi lisozaimu. Hicho ni kimeng'enya halisi, kwa hiyo jina halikumdanganya mtu. Mwaka 1970 Ronald Breslow wa Marekani alieleza molekuli aliyoiunda akaiita enzaimu ya kutengenezwa. Mwaka 1982 Thomas Cech na wenzake walionyesha kwamba RNA, ambayo si protini, inaweza kujikata na kujiunga yenyewe. Ikaitwa ribozaimu, na mwaka 1989 Cech na Sidney Altman walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1986 zikaja kingamwili zenye kuharakisha mabadiliko ya kikemia, nazo zikaitwa abuzaimu.

Hatimaye, mwaka 2004, Paolo Scrimin wa Italia na wenzake walitumia jina nanozaimu kwa chembe za dhahabu zilizovikwa molekuli za kikaboni, ambazo ziliweza kukata viungo vya kikemia vinavyofanana na vile vya RNA. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni kiambishi kilichokubaliwa katika vipimo vya kimataifa mwaka 1960, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kibeti; nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Sehemu ya pili ni zaimu, yaani chachu, ambayo imeachwa bila ya ile "ndani ya" iliyotiwa na Kühne.

Tazama basi yaliyotokea. Kühne aliunda neno ili kutenganisha. Warithi wake walikata silabi zake za mwisho wakazibandika kila mahali penye kufanana: katika protini, katika RNA, katika kingamwili, na sasa katika chuma na dhahabu. Kwao hasara si kubwa, maana wanazungumza wao kwa wao. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, miaka 14 kabla ya jina nanozaimu kuzaliwa. Kwa hiyo haikuwa na nafasi ya kutusaidia. Kazi imebaki kwetu.

CHEMBE HIZI HUFANYA NINI?

Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Biofizikia ya Chuo cha Sayansi cha China, mjini Beijing, wakiongozwa na Bibi Yan Xiyun, walitangaza jambo lililowashangaza wengi. Chembe za oksidi ya chuma zenye sumaku, ambazo hadi wakati huo zilihesabiwa kuwa zimelala tu na hazina utendaji wowote, zilionekana zikifanya kazi ya peroksidasi. Watumishi wa maabara za hospitali wanaijua peroksidasi: ni kimeng'enya kinachotumika kuleta rangi katika vipimo vingi vya damu. Chembe za chuma ziliileta rangi hiyohiyo. Tena, kadiri zilivyokuwa ndogo ndivyo zilivyofanya kazi kwa nguvu zaidi, kwani kazi hufanyika juu ya uso wa chembe, na chembe ndogo zikikusanywa zina uso mpana kuliko donge moja la uzito uleule. Mpishi analijua jambo hili: chumvi ya unga huyeyuka upesi kuliko chumvi ya mawe.

Uhusiano wake na saratani ni huu. Seli za uvimbe wa saratani huzalisha haidrojeni peroksaidi nyingi kuliko seli za kawaida. Hii ni ileile inayouzwa madukani kwa kusafishia vidonda, ijapokuwa mwilini ni kidogo mno. Isitoshe, mazingira ya uvimbe huwa na asidi zaidi. Chembe ya chuma ikiwa katika asidi huigeuza peroksaidi hiyo kuwa radikali huru zenye ukali mkubwa, ambazo huchana mafuta, protini na DNA za seli zilizo karibu. Kwa maneno mengine, seli ya saratani huuawa kwa kitu ilichokitoa yenyewe. Wanakemia watakumbuka kwamba Mwingereza Henry Fenton alikwisha andika mwaka 1894 juu ya chuma na haidrojeni peroksaidi vinavyosaidiana kuunguza asidi ya matunda. Wako wasemao kwamba nanozaimu ya chuma ni kanuni ya Fenton iliyovaa kanzu mpya.

Lakini chembe hiyohiyo ikiwa mahali pasipo na asidi hubadili tabia. Hapo hufanya kazi ya katalasi, yaani huvunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni, vitu visivyodhuru. Jambo hili lilielezwa mwaka 2012. Matumaini ya wasanifu yamejengwa juu yake: chembe iwe kali ndani ya uvimbe na iwe pole nje yake. Shida ni kwamba hata seli nzima zina vijifuko vyenye asidi ndani yake, na chembe ikimezwa na seli huishia humo. Zaidi ya hayo, ini na wengu huzinasa chembe za kigeni zinazopita katika damu. Ndiyo maana kazi kubwa ya wasanifu hao ni kuipa chembe ukubwa unaofaa, umbo linalofaa na vazi linalofaa.

Hapa pana swali kwa mfasiri. Kimeng'enya halisi kina kazi yake moja mahsusi, na kwa kawaida hutambulikana kwa kazi hiyo. Chembe hii ni peroksidasi hapa na ni katalasi pale. Mwenye kutaka kuiita kimeng'enya hana budi aulizwe: kimeng'enya kipi?

SARATANI NA HABARI YA KULENGA

Jina la ugonjwa wenyewe halitusumbui. Wagiriki wa zamani waliuita kaa, kwa kuwa waliona mishipa iliyovimba kandokando ya uvimbe ikafanana na miguu yake; Walatini wakaufasiri kwa kaa wao, ndipo ikaja kansa; Waarabu wakaufasiri kwa saratani, jina ambalo watu wa pwani wanalijua pia katika hesabu ya buruji. Kansa na saratani ni kaa yuleyule aliyetufikia kwa njia mbili. Ni mfano wa tafsiri iliyofuata picha, na picha hiyo haikumdhuru mgonjwa, kwa sababu haikumwahidi chochote.

Vingine ni vigumu zaidi. Wataalamu husema kwamba tiba hizi zinalenga, na magazeti yamekwisha anza kuandika "tiba lengwa". Kwa sarufi yetu, kilengwa ni kile kinachopigwa. Hadhira lengwa ni hadhira ambayo mwandishi amewakusudia. Tiba lengwa, basi, ingekuwa tiba ambayo mtu anaipiga shabaha, ilhali sisi tunataka kusema kwamba tiba ndiyo inayoupiga uvimbe. "Tiba elekezi" nayo ina kasoro, kwa maana kitu elekezi hutoa mwelekeo, kama bei elekezi inavyowaonyesha wafanyabiashara njia. Tunaona inafaa kusema tiba ya kulenga uvimbe. Ni maneno manne, lakini hayapotoshi.

Tena yana faida nyingine. Wahenga walisema kulenga si kufuma. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walizikusanya tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama juu ya chembe za kinano za namna mbalimbali, wakatafuta ni kiasi gani cha chembe zilizodungwa kilichofika katika uvimbe. Kiwango cha kati kilikuwa asilimia 0.7. Yaani katika kila chembe 1,000 zilizotumwa, 7 ndizo zilizofika. Zilizobaki zilikwenda kwingine mwilini au zilitolewa nje. Wapo waliopata matokeo mema katika hatua nyingine. Kundi la Beijing lilizivika chembe za chuma kwa protini iitwayo feritini, ambayo hushikana na kipokezi kilicho kingi katika seli za uvimbe, na mwaka 2012 lilionyesha kwamba chembe hizo zinaweza kutambua saratani katika sampuli 474 za tishu za wagonjwa wa aina 9 za saratani. Lakini hayo yalifanyika katika vipande vya tishu nje ya mwili, na yalikuwa utambuzi, hayakuwa tiba.

Mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Kemia liliziweka nanozaimu katika orodha ya teknolojia 10 chipukizi za mwaka huo. Neno chipukizi lilichaguliwa vema. Tunapoandika makala haya, nanozaimu za saratani bado hazijawa dawa ya kawaida hospitalini. Kwa hiyo mfasiri anayeandika kwamba "dawa hii huenda moja kwa moja katika saratani" anaongeza ahadi ambayo mtafiti mwenyewe hakuitoa.

MAJINA YALIYO MEZANI

Sasa tuyapime majina.

La kwanza ni nanozaimu. Linafaa katika fahirisi, katika orodha za maktaba na katika mazungumzo ya wataalamu, kwani linatambulikana kote duniani. Kwa mgonjwa halisemi kitu. Sikio la Kiswahili hulisikia nano likiwa mahali fulani baina ya tano na nane.

La pili ni kimeng'enya-nano. Hili ndilo ambalo mfasiri mwenye haraka atalifikia kwanza, nalo ndilo tunaloliogopa kuliko yote. Katika Kiswahili jina linalotangulia ndilo mwenye nyumba: askari kanzu ni askari, na njiapanda ni njia. Hivyo kimeng'enya-nano ni kimeng'enya. Kumbe sivyo, na hapa kosa la jina linaweza kuwa kosa la tiba. Kipo kimeng'enya halisi ambacho ni dawa ya saratani ya damu, nacho ni asparajinasi. Mwaka 1953 John Kidd wa Marekani aliona kwamba maji ya damu ya panya-buku yanaua aina fulani ya saratani katika panya, na mwaka 1961 John Broome alionyesha kwamba kiini chake ni kimeng'enya hicho. Asparajinasi huondoa katika damu asidi-amino ambayo seli hizo za saratani haziwezi kujitengenezea za kutosha, zikafa kwa njaa. Hatari yake kubwa mojawapo hutokana na uprotini wake: hutengenezwa kwa bakteria, na mwili waweza kuikataa kwa mzio mkali. Hatari ya chembe za chuma au dhahabu ni nyingine kabisa: ni madini kukaa katika ini na wengu, au radikali huru kuunguza mahali pasipokusudiwa. Mgonjwa aliyewahi kudhurika kwa asparajinasi akiambiwa kwamba anapewa "kimeng'enya" kingine, atakataa kwa sababu isiyokuwa sahihi; na yule aliyeponywa nayo atakubali kwa sababu isiyokuwa sahihi vilevile. Kote kuwili ridhaa yake itakuwa imesimama juu ya neno bovu.

La tatu ni kimeng'enya bandia. Kisarufi halina lawama, kwa kuwa bandia ni kitu kilichoundwa mahali pa kile cha asili. Lakini masikioni mwa umma bandia imeungana na dawa za udanganyifu. Mamlaka za serikali zimewaonya wananchi kwa miaka mingi wasinunue dawa bandia. Muuguzi atakayemwambia mgonjwa kwamba anatibiwa kwa kitu bandia atakuwa na kazi ndefu ya kueleza.

La nne ni chachu-nano. Tunakiri kwamba lina mvuto, kwani ndilo tafsiri halisi ya Kigiriki, neno kwa neno, na chachu katika Kiswahili ni kitu kidogo kinachobadili kitu kikubwa. Hata hivyo chachu huumua. Mwenye uvimbe akiambiwa kwamba ataingiziwa chachu, ataogopa uvimbe usiumuke kama unga wa maandazi. Aidha, tutakuwa tumerudi katika machafuko yaleyale ambayo Kühne aliyakimbia mwaka 1877, ya kuita kiumbe hai na kisichokuwa hai kwa jina moja.

La tano ni kichocheo-nano. Kichocheo ni neno zuri la kitu kiharakishacho badiliko la kikemia, lakini wengi wamelizoea pia kwa homoni, na ziko saratani zinazotibiwa kwa kuzuia homoni. Kuliongeza hapa ni kuongeza utata.

La sita ndilo tunalolitetea: chembenano igizi ya kimeng'enya, na kwa wingi chembenano igizi za vimeng'enya. Mwenye nyumba hapa ni chembe, na kweli ni chembe. Nano hutaja ukubwa wake. Igizi, kutokana na igiza, husema kwamba inafuata mwenendo wa kitu ambacho yenyewe si hicho, bila ya kuitia shaka ya udanganyifu. Kimeng'enya hutaja kinachoigizwa. Itasemwa kwamba jina hili ni refu. Ni kweli, lakini urefu huo ni wa mara ya kwanza tu. Likishatajwa kamili na kuelezwa, chembe igizi itatosha katika kurasa zinazofuata.

Limebaki tahadhari moja. Magazeti na hata baadhi ya vitabu vya afya hutumia chembe, chembechembe au chembe hai kwa maana ya seli. Mwandishi asiyeangalia ataandika kwamba "chembe huua chembe", na mgonjwa hatajua ni ipi muuaji na ipi muuawa. Katika maandishi ya tiba hii seli iwe seli siku zote, na chembe iachiwe kitu kisicho na uhai.

HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba elimu hii ilisonga mbele kila watu walipokubali kutenga kwa jina vitu vilivyotengana kwa hali, na ilikwama kila jina moja lilipobebeshwa mizigo miwili. Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkwamo huo. Kinaweza kuupokea ugunduzi na kuiacha nyuma ile haraka ya kubandika silabi. Tunapendekeza, basi, kwa Baraza na kwa wafasiri:

(a) kimeng'enya kitumike kwa maana yake iliyozoeleka, na kisipewe chembe za madini;

(b) chembenano igizi ya kimeng'enya iwe istilahi ya maandishi ya kawaida, na kifupi chake kiwe chembe igizi; nanozaimu iachwe katika fahirisi na orodha za kitaalamu;

(c) seli itumike kwa kiumbe hai pekee, na chembe kwa kitu kisicho na uhai, katika maandishi yote ya tiba ya saratani;

(d) tiba ya kulenga uvimbe itumike badala ya tiba lengwa, na isiandamane na maneno yanayoahidi kwamba shabaha itafumwa;

(e) kabla ya maelezo ya mgonjwa kupigwa chapa, yasomwe kwa sauti mbele ya watu wasiokuwa wataalamu, kisha waulizwe wameelewa nini.

Pendekezo la mwisho halihitaji fedha nyingi wala maabara. Wanachuo wa Kikwe wanaweza kuanza nalo katika vijiji vinavyowazunguka, kwa watu ambao babu zao walijua, kabla ya Payen na Persoz, kwamba ulezi uliochipua una nguvu ambayo ulezi mkavu hauna.